Mwani wa Luzira

Mwani ulianza kufa kwenye ncha. Ulifika Luzira ukiwa na rangi ya kahawia iliyokolea, mashina yake manene na yenye afya. Sasa vidole vyake vilikuwa vyeupe kama nyuzi za katani, na Acen alipoingiza mkono ndani ya tangi la kioo na kukigusa kimoja, kilimkatikia.

"Baba," aliita. "Njoo uone."

Mzee Faustino Ogwang alitoka chumbani akifunga vifungo vya shati hadi cha shingoni. Hakuwa mtu wa kuonekana na vifungo wazi, hata na binti yake. Alisimama mbele ya tangi, mikono nyuma, akalitazama kama anavyotazamwa askari mwenye viatu vichafu.

"Umechoka," alisema.

"Haujachoka. Unakufa."

Acen alikuwa anasomea shahada ya pili katika chuo kikuu kilicho juu ya Wandegeya. Utafiti wake ulikuwa na swali moja: mwani wa baharini unaweza kubeba metali nzito kiasi gani kabla haujaacha kukua? Watu walimcheka. Mwani, Uganda? Bahari iko wapi? Yeye alijibu kwamba mito yote huishia baharini, na kwamba kinachomwagwa bara ndicho kinachokutwa na wale akina mama wa pwani wanaofunga mwani kwenye kamba. Tena mashine ya kupimia ilikuwa chuoni kwao.

Mwani ule katika tangi haukuwa wa kutiwa sumu. Ulikuwa mwani mama, ulio safi, ambao ungekatwa vipande vya majaribio yote. Makokha, dereva wa basi la Mombasa, aliuleta kutoka Kwale ndani ya sanduku la barafu, na pale mpakani Busia nusura umwagwe, maana maofisa walidhani ni bangi iliyolowa. Ulipofika, chumba cha matangi cha chuo kilikuwa kimeezuliwa paa kwa matengenezo. Dakta Nakhisa, msimamizi wake, akamruhusu autunze nyumbani hadi paa lirudi. Lakini alimweleza wazi: siku chumba kitakapofunguliwa, mwani uwe hai na uwe umeongezeka. Ukifa, nafasi yake itapewa mwanafunzi mwingine anayesubiri, kwa sababu wafadhili hawatalipia mzigo wa pili. Acen alikuwa ameacha kazi ya ualimu kwa ajili ya nafasi hiyo. Hakuwa na nyingine.

Baba yake aliipokea kazi ile kama cheo. Yeye ndiye aliyekuwa mtu wa maji. Nyuma ya nyumba, kwenye mteremko unaotazama reli ya Port Bell, palikuwa na pipa la plastiki lililokinga maji ya mvua. Kila jioni Ogwang alitia humo chumvi ya bahari kwa kipimo alichopewa, akakoroga, akafunika, na asubuhi akachota kwa beseni na kuongeza kwenye tangi sebuleni.

"Usikoroge kwa chuma, Baba," Acen alimwambia siku ya kwanza.

"Nitakoroga kwa mti."

Na kweli alikoroga kwa mti. Ogwang alikuwa drammeja wa bendi ya polisi, yule anayetangulia mbele ya tarumbeta na ngoma akirusha fimbo juu na kuidaka bila kuitazama. Alipostaafu aliruhusiwa kuichukua fimbo yake. Ilikuwa ya mti mweusi uliosuguliwa, kichwani ina tufe la shaba njano, chini ina kofia ndefu ya shaba hiyo hiyo, na mnyororo mwembamba wa shaba umeuzunguka mti kuanzia juu hadi chini. Hakuona mti mwingine unaostahili maji ya binti yake. Akimaliza kukoroga, aliiacha imesimama ndani ya pipa usiku na mchana, kichwa kimechomoza kwenye tundu la mfuniko. Katika kambi za polisi, ofisa akiweka fimbo yake juu ya kitu, hakuna askari anayekigusa. Majirani wengi pale walikuwa watoto wa kambi. Walilijua hilo, nao hawakuligusa pipa.

Kila Jumamosi aliitoa. Sehemu iliyokaa majini ilikuwa imeota kutu ya kijani. Aliifuta, akaipaka dawa ya kung'arishia, akaisugua hadi akajiona uso ndani yake, kisha akairudisha. Jumamosi iliyofuata kijani kilikuwa kimerudi. Ogwang alikichukulia kama uzembe wa chumvi, naye hakuwa mtu wa kushindwa na uzembe.

Acen hakuliona jambo hilo. Aliondoka alfajiri kwenda Wandegeya, akarudi giza limeingia, na kutoka mlango wa nyuma alichokiona kwenye pipa ni tufe la fimbo likimeremeta kama kawaida yake. Alilizoea tangu utoto, wala hakujiuliza sehemu iliyobaki iko wapi.

Jioni ile mwani ulipoonyesha weupe, walikaa mezani bila kula.

"Ni ugonjwa?" Ogwang aliuliza.

"Ugonjwa huanzia sehemu moja. Huu umeshika ncha zote kwa pamoja." Acen alisukuma sahani. "Unafanana na ule ninaoupa sumu mwenyewe kule chuoni. Metali ikiingia, mwani kwanza unaacha kukua. Halafu rangi inatoka. Halafu ndiyo hivyo."

"Metali gani?"

"Yoyote. Risasi, shaba, kadimi. Siwezi kujua bila kupima, na mashine ina foleni."

Ogwang alisikia neno "risasi" tu. Kutoka nyuma ya ukuta ilikuwa inakuja sauti ya tochi ya gesi, ile pumzi ndefu ya moto, na harufu ya bati lililoyeyuka.

Barnabé, Mkongo wa Uvira, alikuwa amepanga kibanda cha nyuma tangu mke wa Ogwang akiwa hai. Aliziba radieta za magari. Alikuwa mtu wa maneno mengi na kicheko cha karibu, na jioni nyingi yeye na Ogwang walikunywa chai pamoja wakiongea Kiswahili, kila mmoja akikicheka cha mwenzake. Ogwang alikiita cha Barnabé Kiswahili cha sokoni. Barnabé alikiita cha Ogwang Kiswahili cha kukamata watu.

"Baba, sijasema ni yeye," Acen alisema, maana aliona uso wa baba yake umegeukia ukuta ule.

"Wewe pima. Mimi nitafanya kazi yangu."

Asubuhi akina mama walikuwa bombani na ndoo zao, na vijana wa bodaboda walikuwa wameegesha kivulini. Ogwang alisimama katikati ya uwanja. Sauti yake ilikuwa imezoea kupita juu ya ngoma kubwa.

"Wewe Barnabé! Kuja hapa!"

Barnabé alitoka na radieta kwapani, akitabasamu. Alidhani anaitwa chai. "Afande! Ile dodo yenu ya chumvi, mboga ya kwa tangi, imeiva? Nilete bugali tukule?"

"Unayeyusha nini humo ndani?"

"Si unajua, Afande. Risasi na bati. Bila ile, radieta haizibiki."

"Risasi." Ogwang aliwageukia akina mama. "Mmesikia? Amekubali mwenyewe."

"Nimekubali nini? Tangu nifike hapa unaniona nayeyusha risasi. Hata birika yako nimeziba miye."

"Moshi yako inaingia kwa maji ya mtoto yangu. Inaua masomo yake. Kesho sitaki kuona vyombo yako hapa."

Tabasamu la Barnabé lilibaki usoni bila kazi. "Ngojea kwanza, Afande. Wamepima?"

"Mimi nimekuwa polisi wewe bado unanyonya."

"Sasa polisi ndiyo mashine ya kupimia?"

Mama mmoja alicheka, kisha wengine, na kijana wa bodaboda akapiga honi. Kama palikuwa na mlango wa kurudi nyuma, kicheko kile kiliufunga. Ogwang alinyoosha mkono kuelekea barabarani, kidole kimenyooka kama alivyokuwa akiionyesha bendi mahali pa kugeukia.

"Leo! Si kesho. Leo!"

Barnabé alimtafuta Acen kwa macho. Alikuwa amesimama mlangoni, mfuko wa vitabu begani. "Dada Acen, wewe umesoma. Sema basi."

Acen angeweza kusema kwamba hajapima. Angeweza kusema kwamba moshi wa risasi ungekuwa na safari ndefu kuingia pipa lenye mfuniko. Yote hayo aliyajua. Lakini usiku kucha alikuwa ameuota mwani ukiwa mweupe wote, na mtu akimwambia kuna mkosaji na anaweza kuondoka leo, ni vigumu kumkataa.

"Labda kwa muda tu, Barnabé," alisema. "Mpaka nijue."

"Kwa muda." Barnabé aliweka radieta chini. "Na kwetu tulitoka kwa muda."

Alipakia tochi, mitungi na vyuma vyake kwenye mkokoteni wa kukodi. Hakuna aliyemsaidia, maana Ogwang alikuwa bado amesimama pale uwanjani. Mkokoteni ulipofika barabarani, mama mmoja alimwambia mwenzake, kwa sauti ya kusikika, kwamba Wakongo huwezi kujua wanachoyeyusha.

Baada ya hapo Ogwang alifanya kazi kwa bidii iliyozidi. Alimwaga maji yote ya zamani. Alisugua pipa, akakinga mvua mpya, akatia chumvi mpya, na fimbo akaing'arisha kuliko siku zote kabla ya kuizamisha. Alimwambia Acen kwamba sasa mwani utapumua.

Mwani haukupumua. Weupe ulishuka kutoka kwenye ncha hadi kwenye mashina. Vipande vilielea na kugandamana kona ya tangi kama makombo. Acen alijaza chupa maji ya tangi na nyingine maji ya pipa, akaenda nazo Wandegeya, akaacha utafiti wake wote kando na kukaa kwenye foleni ya mashine.

Dakta Nakhisa ndiye aliyemsomea majibu. Alikuwa mwanamke mnene wa Bungoma, asiyependa kupoteza maneno, na aliyasoma mara mbili kabla ya kuvua miwani.

"Acen, ulitia nini?"

"Sijatia kitu, Daktari."

"Risasi karibu hakuna. Lakini shaba! Mama, shaba imezidi hata ile tuliyopanga kuulia. Na ya pipa ni mbaya kuliko ya tangi." Aligonga karatasi kwa kalamu. "Na zinki iko pamoja nayo. Shaba na zinki zikitembea pamoja, tafuta shaba njano. Koki, kengele, bomba la zamani. Kitu kinachong'aa. Kwenye maji ya chumvi kinajiyeyusha polepole, na mwani hauhitaji nyingi kufa. Inaushika mapafu, kama ungekuwa na mapafu."

Acen hakusikia ile sehemu ya mapafu. Aliposikia "kinachong'aa" alikuwa ameshafika nyumbani kwa mawazo, kwenye dirisha la baba yake, ambako kopo la dawa ya kung'arishia lilikaa miaka yote karibu na picha ya mama yake.

Ilikuwa Jumamosi. Alimkuta uwanjani kwenye kigoda, fimbo imelala mapajani, kitambaa mkononi. Kitambaa kilikuwa kijani.

"Baba, nipe hiyo."

"Subiri nimalize. Mikono yako ina jasho."

"Inalala ndani ya pipa?"

"Inalinda. Tangu niiweke, nani amegusa maji yako?"

Acen alichukua kitambaa badala ya fimbo. Alikikunjua, akakishika juu ili baba yake akione kwenye mwanga. "Hii ndiyo inaua mwani, Baba. Hii ya kijani. Wamepima. Si risasi, ni shaba."

Ogwang aliendelea kusugua mahali ambapo palikuwa pameshang'aa. "Ulisema nikoroge kwa mti. Huu ni mti."

"Ni mti katikati. Mwisho wake ni nini? Na mnyororo je?"

"Fimbo hii imetangulia bendi mbele ya marais."

"Mwani haujui hayo."

Chini yao, kule bandarini, behewa liligonga behewa, na mlio ukapanda mlima polepole.

"Na Barnabé?" Acen aliuliza.

"Barnabé alinifanya kichekesho mbele ya watu."

"Kwa hiyo hatukumfukuza kwa sababu ya mwani."

"Hatukumfukuza," Ogwang alirudia. Aliinua macho kwa mara ya kwanza. "Vizuri umejiweka na wewe. Wewe ulikuwa mlangoni na elimu yako yote. Mimi sikujua. Wewe ulijua kwamba hujui."

Acen aliingia ndani akazima taa ya tangi, na safari hii hakuiwasha tena.

Paa la chumba cha matangi lilirudishwa wiki hiyo. Dakta Nakhisa alikuja Luzira mwenyewe, akatazama, akachota ute mweupe kwa kijiko cha plastiki, akaurudisha. Hakugomba. Alisema atajaribu kuongea na wafadhili, kwa sauti ya mtu anayejua watakachosema, nao wakasema hivyo. Nafasi ilipewa kijana mmoja anayesomea samaki. Acen alihamia hosteli ya Wandegeya, chumba cha watu wengi juu ya duka la kuchapisha, na kuanza kufundisha masomo ya jioni watoto wa wengine. Alipoondoka alimwambia baba yake jambo moja tu kuhusu maji: asiyamwage. Si kwenye bustani, si kwenye mtaro, maana mtaro unaingia ziwani. Atatafuta watu wa kuyachukua.

Siku moja Ogwang alivaa koti, akaifunga fimbo kwa gazeti, akapanda teksi hadi mjini, akateremka na kumtafuta Barnabé kwa miguu hadi kwenye soko la Nakivubo. Barnabé alikuwa kando ya mfereji, chini ya turubai alilochangia na fundi viatu. Alikuwa amekonda. Tochi yake ilikuwa inawaka, naye hakuizima.

"Afande."

"Barnabé." Ogwang alisogea karibu sana, kwa sababu ya kelele za soko. "Walipima. Haikuwa wewe."

"Nasikia vibaya hapa. Sema kwa nguvu."

Ogwang alitazama huku na huku. Fundi viatu alikuwa ameinua kichwa. "Nasema haikuwa wewe," alisema, lakini kwa sauti ile ile.

Barnabé alizima tochi. "Afande, siku ile ulikuwa na sauti ya kuamsha wafungwa wote wa jela ya Luzira. Leo umekuja kuninong'onea kama mwizi."

"Kibanda kiko wazi. Rudi."

"Nirudi kwa nani? Wale wamama wananijua sasa. Mteja wangu mmoja wa Port Bell alinipita hapa, akasema yeye hataki radieta ya sumu." Alionyesha mfereji kwa kidole cheusi. Maji yake yalikuwa na ngozi ya mafuta, na kopo la rangi lilikuwa linapita likizunguka. "Angalia hii. Betri, rangi, mafuta, yote inaenda ziwani kwenu, kila siku. Nani alifukuzwa? Walipata miye tu."

Ogwang alifungua gazeti. Tufe la shaba lilishika jua, na watu wawili watatu wakageuka. "Chukua. Iyeyushe. Shaba yake ni nzuri, uza."

Barnabé aliruka nyuma kama aliyeonyeshwa nyoka. "Funika! Funika, Afande! Nikikutwa na fimbo ya polisi hapa, nitasema nimeipata wapi? Nani ataniamini?"

Ogwang aliifunika. Barnabé aliwasha tochi, akainamia radieta ya mtu.

Pipa lilibaki nyuma ya nyumba. Watu wa kuchukua maji hawakuja. Acen alisema bado anawatafuta, kisha akaacha kusema. Jua lilipochoma, maji yalipungua, na ukutani mwa pipa kukabaki mstari wa chumvi wenye ukingo wa kijani. Jioni aliyorudi kutoka Nakivubo, Ogwang alifunika pipa vizuri, akaiweka fimbo juu ya mfuniko, kavu, imelala.

Mama mmoja wa bombani alipita na ndoo kichwani. Ndiye aliyecheka siku ile.

"Afande, bado unalinda maji?"

"Bado."

"Kwani yana nini?"

"Yana sumu."

"Ah," alisema yule mama, na kutingisha kichwa kwa huruma. "Ile ya Mkongo."

Ogwang alishika kifungo cha juu cha shati lake, akahakikisha kimefungwa, akaingia ndani.